Jinsi ya kutuma lokesheni inayofika getini, na jinsi ya kuizima

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Nimemtumia boda lokesheni, kaishia mtaa wa pili." "Nikiwasha lokesheni, bando si litakwisha?" "Nitajuaje kama kuna mtu ananiona?" "Naombeni programu ya kumtafuta mtu kwa namba yake ya simu." Mwongozo huu unayajibu yote kwa mpangilio: kuiandaa simu, kutuma mahali ulipo kwa njia tofauti, kisha kufunga kila ulichokiacha wazi. Umeandikwa kwa anayeanza, lakini hata mzoefu asiruke hatua ya 2 na ya 10, maana huko ndiko wengi wanakoteleza.

Majina ya vitufe yameandikwa kama yanavyoonekana kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo simu nyingi zilivyo. Kila kampuni hupanga menyu zake kivyake. Ukikosa kitu mahali kilipotajwa, kitafute kwa jina kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Settings.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu janja, Android au iPhone. Haihitaji kuwa ya bei kubwa.
- WhatsApp halisi kutoka Play Store au App Store. Kama unatumia GB WhatsApp au toleo jingine lililochakachuliwa, liondoe kwanza. Hujui aliyelitengeneza anachukua nini, na hapa unakwenda kulikabidhi mahali unapolala. Isitoshe, WhatsApp huzifungia akaunti zinazotumia matoleo hayo.
- Google Maps, pamoja na akaunti ya Google ambayo nywila yake unaijua. Simu nyingi zimefunguliwa kwa akaunti aliyoiweka fundi au muuzaji dukani. Ikiwa yako ni hivyo, ondoa akaunti hiyo na ufungue yako, la sivyo mtu mwingine anaweza kuiona simu yako ilipo bila wewe kujua.
- Bando la intaneti la kawaida. Bando la WhatsApp peke yake linaleta shida, tutaona mbele.
- Chaji angalau nusu, kama unataka kutuma lokesheni inayotembea.
- Mtu mmoja unayemwamini wa kujaribia. Usijaribie kwenye kundi la familia lenye watu 60.

Nadharia ni hii tu. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200, na inahitaji kuzisikia angalau 4 ili ijue ilipo. Kuzisikia hakuli bando hata kidogo. Kinachokula bando ni kupakia ramani na kumtumia mwenzako. Ukiwa nje, mbingu wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Ukiwa ndani, hukisia kwa kutumia Wi-Fi na minara ya simu, na hapo kosa linaweza kufika mamia ya mita.

Hatua ya 1. Iandae simu

Kwenye Android, fungua Settings, ingia Location, washa. Ndani yake ingia Location services, kisha Location Accuracy, washa pia. Kwenye iPhone ni Settings, Privacy & Security, Location Services.

Sasa pitia ruhusa za programu moja moja. Android inakupa machaguo kama "Allow all the time", "Allow only while using the app", "Ask every time" na "Don't allow". Google Maps mpe ya pili. WhatsApp mpe ya pili kwa sasa. Ya kwanza itahitajika hatua ya 7 tu. Tochi, kibodi, michezo na programu za mikopo wape ya mwisho. Tochi haihitaji kujua unakaa wapi ili iwake.

Kuna swichi nyingine ambayo wengi hawaijui. Tangu Android 12 (2021) na iOS 14 (2020), programu inaweza kupewa lokesheni kamili au ya kukadiria. Kwenye Android inaitwa "Use precise location", kwenye iPhone "Precise Location". Ikizimwa, programu inaona eneo la jumla tu, na kitone kinaweza kuwa kilomita kadhaa kutoka ulipo. Kwa WhatsApp na Google Maps iwashe. Kwa programu ya hali ya hewa izime. Mvua ya Temeke haihitaji namba ya nyumba.

Hatua ya 2. Toka nje na usubiri duara lipungue

Hatua hii ndiyo inayoamua kama mgeni atafika au atakupigia simu mara tano.

Simama getini, usikae sebuleni. Zege na bati huzuia au kurudisha mawimbi ya setilaiti, na simu inaanza kubuni. Fungua Google Maps, bonyeza kitufe cha mviringo chenye nukta katikati, upande wa chini kulia. Utaona kitone cha bluu, na mara nyingi kimezungukwa na duara la bluu hafifu. Duara hilo ni simu inakuambia kwamba uko mahali fulani ndani yake, na haina hakika zaidi ya hapo. Likiwa limefunika nyumba kumi, usitume chochote. Subiri. Kwa kawaida nusu dakika hadi dakika moja inatosha. Simu iliyozimwa siku nyingi au iliyotoka safari ya mbali inaweza kuchukua dakika kadhaa. Duara likishasinyaa mpaka limejificha chini ya kitone, uko tayari.

Bado usitume. Bonyeza kitufe cha tabaka za ramani, chagua Satellite, kisha vuta karibu mpaka uone paa lako. Angalia kitone kimeangukia upande gani wa ukuta. Mitaa mingi ya mjini ina uchochoro mbele ya nyumba na mwingine nyuma. Mita 8 za makosa zinatosha kumpeleka dereva kwenye uchochoro wa nyuma, asikute geti wala mtu, na kuzunguka kurudi mbele kukawa mwendo wa robo saa kwa sababu ya mtaro. Ramani humpeleka kwenye barabara iliyo karibu zaidi na kitone, hata kama kati ya barabara hiyo na wewe kuna ukuta wa jirani.

Kama mwale wa bluu unaoonyesha upande unaotazama umepinda au ni mpana sana, shika simu na uichore namba 8 hewani mara kadhaa. Dira ya ndani hujirekebisha. Kasha lenye sumaku huivuruga, livue kwanza.

Hatua ya 3. Amua unatuma nini

Kuna vitu viwili, na kuvichanganya ndiko chanzo cha lawama nyingi.

Pini ni alama isiyosogea. Ukimtumia mtu pini ukiwa Kariakoo halafu ukapanda daladala kwenda Mbagala, pini inabaki Kariakoo. Inafaa kwa nyumba, duka, ukumbi wa harusi, shamba.

Lokesheni ya moja kwa moja inakufuata unapokwenda, kwa muda ulioupanga. Inafaa kwa safari ya usiku, kukutana stendi, kumfuata mwenzako kwenye foleni. Kwa nyumba haifai. Ukimtumia fundi lokesheni ya moja kwa moja kisha ukatoka kwenda sokoni, fundi atakufuata sokoni.

Hatua ya 4. Tuma pini kwa WhatsApp

1. Fungua mazungumzo na mhusika.
2. Bonyeza alama ya klipu (Android) au alama ya kujumlisha (iPhone), kisha Location.
3. Subiri. Chini ya "Send your current location" kuna maandishi madogo yanayotaja usahihi kwa mita, mfano "Accurate to 12 meters". Ikisema 12, tuma. Ikisema 300, rudi hatua ya 2.
4. Bonyeza "Send your current location".

Kosa kubwa hapa: chini ya kitufe hicho kuna orodha ya maeneo yaliyo karibu, yaani baa, msikiti, duka la dawa, saluni. Ukigusa jina mojawapo, unatuma pini ya hilo duka la dawa. Watu wengi hugusa jina la juu wakidhani ndio mtaa wao. Mgeni akifika "Kwa Mangi" badala ya kwako, ujue ulifanya hivyo.

Ongeza maneno mawili chini ya pini: rangi ya geti na kitu kinachoonekana. "Geti la bluu, mkabala na mwembe mkubwa, kabla ya kituo cha maji." Pini inamleta mtu mpaka mtaani na macho yake yanamalizia.

Hatua ya 5. Tuma pini ya mahali ambapo hupo

Uko kazini na mzigo unapelekwa nyumbani. WhatsApp itatuma ulipo kazini, kwa hiyo tumia Google Maps.

1. Fungua ramani, weka Satellite, tafuta geti lako.
2. Bonyeza na ushikilie juu ya geti mpaka pini nyekundu ianguke. Barabarani mbele ya geti ni bora kuliko katikati ya paa.
3. Vuta kadi ya chini juu. Utaona namba za latitudo na longitudo, na msimbo mfupi wenye alama ya kujumlisha.
4. Bonyeza Share, chagua WhatsApp au SMS.
5. Ihifadhi kwa kubonyeza Save, uipe jina, ili usirudie kazi hii kila wiki.

Usisajili nyumba yako kama biashara kwa kutumia "Add a missing place" ili ionekane kwenye ramani. Kila mtu duniani ataiona, na kuiondoa ni usumbufu.

Hatua ya 6. Taja mahali kwa sauti au kwa SMS

Dereva hana WhatsApp, au intaneti imekatika upande wako. Hapa ule msimbo mfupi, unaoitwa Plus Code, unakuwa na thamani kubwa, hasa kwetu ambako mitaa mingi haina namba za nyumba. Msimbo unaonekana hivi: 57MQ+FQ Dar es Salaam. Unataja mraba wa mita 14 kwa 14 hivi, na mtu anauandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google Maps kama anavyoandika jina la mahali.

Mambo matatu ya kuzingatia:

Herufi ni chache kwa makusudi. Msimbo hutumia tarakimu 2 hadi 9 na herufi C, F, G, H, J, M, P, Q, R, V, W na X, basi. Hakuna sifuri wala moja, hakuna irabu. Ukisikia "o" au "i" kwenye simu, umesikia vibaya, muulize tena.

Jina la mji ni sehemu ya msimbo. 57MQ+FQ ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, upande wa Posta. Ukikata jina la mji, mtu aliye Mwanza anaweza kupelekwa pengine kabisa, kwa sababu msimbo mfupi hujirudia kila digrii moja ya latitudo na longitudo. Kama huna hakika na mji, tuma msimbo mrefu. Wa Dar es Salaam huanza na 6G5X, wa katikati ya Nairobi huanza na 6GCR.

Msimbo hauhitaji intaneti kufunguliwa ukiwa mrefu na ramani ya eneo hilo imeshapakuliwa. Kupakua ramani: Google Maps, bonyeza picha yako juu kulia, Offline maps, "Select your own map", buruta fremu ifunike mji wako, Download. Fanya hivyo ukiwa kwenye Wi-Fi.

Ukipendelea namba za latitudo na longitudo, ziandike kwa desimali 5. Hiyo ni takriban mita 1. Ukiacha desimali 2 tu, kosa linaweza kuzidi nusu kilomita. Latitudo hutangulia, longitudo hufuata. Na kusini mwa ikweta latitudo ina alama ya kutoa. Nairobi iko karibu na -1.286, 36.817. Ukisahau ile alama ya kutoa, umehamia Samburu, jirani na Maralal. Dar es Salaam ikikosa yake inaangukia Ethiopia, na ukizigeuza namba zote mbili, longitudo mbele na latitudo nyuma, ramani itafunguka Hispania. Ukiona ramani imekupeleka nchi usiyoitarajia, chunguza alama na mpangilio kabla ya kulaumu simu.

Kwa mwenye kitochi, yaani simu ndogo isiyo janja, hakuna ujanja. Mweleze kwa maneno: stendi, kona, wakala, geti.

Hatua ya 7. Lokesheni ya moja kwa moja kwa WhatsApp

1. Ingia ruhusa za WhatsApp, panda kutoka "while using" hadi "Allow all the time" (kwenye iPhone, "Always"). Bila hivyo, ukizima skrini kitone chako kinaganda.
2. Fungua mazungumzo, klipu au kujumlisha, Location, "Share live location".
3. Chagua muda: dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua mfupi unaotosha. Kutoka Mwenge hadi Kimara saa 1 inatosha. Saa 8 zitakuonyesha mpaka kitandani.
4. Andika neno: "Nimepanda bajaji ya njano, naelekea nyumbani." Tuma.
5. Ukifika, fungua mazungumzo na ubonyeze "Stop sharing". Usingoje muda uishe wenyewe.

Ukituma kwenye kundi, kila aliye kwenye kundi anaona, pamoja na yule ambaye hujui nani alimwingiza. Kwa usalama wa safari, mtume mtu mmoja au wawili.

Anayepokea afundishwe kusoma saa. Akigusa kitone, chini yake kuna muda wa mara ya mwisho kilipojisasisha. Kitone kilichosimama kwa dakika 20 kinaweza kumaanisha bando limekwisha, simu imezimwa, au mtu kweli amesimama. Ampigie kwanza. Na lokesheni haiiti msaada. Kukiwa na hatari, piga 112 Tanzania, 999 au 112 Kenya.

Hatua ya 8. Kushiriki kwa Google Maps

Hii ni kwa familia au watu mnaosafiri pamoja. Bonyeza picha yako juu kulia, Location sharing, kisha "Share location" au "New share". Chagua muda na mtu. Utakuta chaguo la "Until you turn this off", yaani bila kikomo. Usilichague siku ya kwanza. Mtu unayemshirikisha ataona pia kiasi cha chaji kilichobaki kwenye simu yako, jambo ambalo lina faida usiku, na lina kero siku nyingine.

Kwa safari moja kuna kilicho bora zaidi. Ukishaanza kuongozwa na ramani, vuta kadi ya chini juu na ubonyeze "Share trip progress". Mwenzako ataona njia yako na saa utakayofika, na kushiriki kunakatika ukifika. Huhitaji kukumbuka kuzima, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Uber na Bolt nazo zina kitufe cha kumshirikisha mtu safari. Kitumie kabla gari halijaondoka.

Wenye iPhone kwa iPhone wanaweza kutumia Find My: saa 1, hadi mwisho wa siku, au bila kikomo.

Hatua ya 9. Mitandao ya kijamii

Hapa watu hutangaza walipo bila kukusudia.

Kamera: ingia mipangilio ya kamera na uzime "Location tags" au "Save location", kwenye iPhone iondolee Camera ruhusa ya lokesheni. Picha iliyopigwa lokesheni ikiwa imewashwa hubeba ndani yake latitudo na longitudo. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma kama picha ya kawaida. Ukituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, taarifa zinakwenda nayo. Anayeuza kiwanja au gari mtandaoni na kutuma picha kwa dokumenti anamkabidhi asiyemjua anwani ya nyumbani kwake.

Snapchat: fungua ramani, ingia mipangilio yake, washa Ghost Mode. Ukitaka kuonekana, chagua marafiki kwa majina, usichague wote.

Instagram na Facebook: weka jina la mahali baada ya kuondoka. Ukitaja hoteli ya Nungwi siku ya kwanza kati ya siku tano, umeieleza dunia kwamba nyumba yako haina mtu.

Strava na programu nyingine za wakimbiaji: nenda Settings, Privacy Controls, Map Visibility, ufiche mwanzo na mwisho wa kila mbio. Anayekimbia alfajiri kutoka getini kwake na kurudi hapohapo kila siku anachora mstari unaoishia mlangoni. Januari 2018 ilionekana kwamba ramani ya joto ya Strava (heatmap, inayong'arisha njia ambazo watumiaji wake hupita zaidi), iliyochapishwa Novemba 2017, ilikuwa imefichua njia za mazoezi ndani ya kambi za kijeshi, na haikuhitaji jina la mwanajeshi hata mmoja. Ilitosha kwamba walikimbia njia ileile.

Hatua ya 10. Kagua nani anakuona

Fanya hivi mara moja kwa mwezi, na siku ileile unapoachana na mtu, unapobadilisha kazi au unapopokea simu iliyotoka kwa fundi.

1. WhatsApp: Settings, Privacy, Live location. Orodha iwe tupu.
2. WhatsApp: Linked devices. Ukiona kompyuta usiyoitambua, itoe.
3. Google Maps: picha yako, Location sharing. Tazama kila jina.
4. Akaunti ya Google: Security, kisha orodha ya vifaa. Simu yako ya zamani uliyoiuza ikiwa bado ipo, iondoe, kisha ubadili nywila.
5. iPhone: Find My, sehemu ya People.
6. Android: Settings, Location, uone programu zilizotumia lokesheni karibuni. Jina usilolijua likiwa hapo, mnyime ruhusa au iondoe.
7. Android: Settings, Safety & emergency, Unknown tracker alerts. Hapa simu inatafuta vifaa vidogo vya kufuatilia, kama AirTag, vinavyosafiri nawe bila kuwa vyako. iPhone hutoa onyo yenyewe.

Kuifuta programu ya ramani kwenye simu ya Android hakukatizi kushiriki. Kushiriki kumefungwa kwenye akaunti. Zima kwanza kwenye orodha. Kuweka simu kwenye hali ya ndegeni nako kunaacha mahali pa mwisho palipojulikana.

Sasa swali la kumtafuta mtu kwa namba ya simu. Hakuna programu wala tovuti ya umma inayoweza kufanya hivyo. Kampuni ya simu inajua namba iko karibu na mnara gani, lakini haimpi mtu wa kawaida taarifa hiyo. Tovuti zinazoahidi zinachukua pesa yako, au namba zako, au zinakupa kiungo cha kumtumia mhusika. Akikigusa na kubonyeza "Allow" kwenye kivinjari, ndipo lokesheni yake inatoka. Kwa hiyo nawe, kiungo chochote kinachoomba lokesheni ukiwa hukutafuta ramani, kikatalie. Kumwekea mwenzako programu ya siri ni kosa, hata kama ni mume au mke. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zaidi ya hapo, kitone kinaweza kudanganya: Android inaruhusu lokesheni ya kubuni kupitia mipangilio ya wasanidi (Developer options). Usivunje nyumba kwa ushahidi wa kitone.

Kwa wanaotaka kwenda mbele

Ukiona uchochoro wako haupo kwenye ramani, uongeze. OpenStreetMap inahaririwa na yeyote, na programu zinazosoma ramani yake, kama Organic Maps na OsmAnd, zinafanya kazi bila intaneti. Kibera haikuwa na ramani ya wazi ya maana mpaka vijana wa pale walipoanza kuichora mwaka 2009 kupitia Map Kibera. Dar es Salaam, Ramani Huria iliyoanza 2015 iliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora kata zinazofurika. Anza na StreetComplete ya Android: inakuuliza maswali mafupi ukiwa umesimama mahali penyewe, kama barabara hii ni ya lami au ya vumbi. Jibu unachokiona kwa macho tu.

Ikigoma

*Kitone kiko mtaa mwingine kabisa.* Precise location imezimwa, au uko ndani. Hatua ya 1, kisha ya 2. Ikibaki palepale, zima lokesheni, hesabu hadi kumi, washa.

*Kitone kinarukaruka.* Uko kati ya maghorofa na mawimbi yanadunda ukutani. Sogea penye uwazi, au weka pini kwa mkono kama hatua ya 5.

*Lokesheni ya moja kwa moja inaganda skrini ikizima.* Simu inaua programu ili kuokoa chaji. Tecno, Infinix, itel na Xiaomi ni kali zaidi hapa. Settings, Apps, WhatsApp, Battery, chagua "Unrestricted" au "No restrictions". Zima pia Battery Saver wakati wa safari.

*Mwenzangu anaona mraba wa kijivu.* Mara nyingi ana bando la WhatsApp peke yake. Ujumbe unafika, lakini picha ya ramani inatoka kwingine. Aunge bando la kawaida, au umtumie Plus Code auandike kwenye ramani aliyoipakua.

*Chaji inakwisha haraka.* Tazama kama kuna kushiriki kwa bila kikomo kulikosahaulika (hatua ya 10, namba 1 na 3). Kisha punguza programu zenye "Allow all the time". Kwa watu wengi hazipaswi kuzidi mbili.

*Kitufe cha "Share live location" hakionekani.* Sasisha WhatsApp, uhakikishe lokesheni ya simu imewashwa, na kwenye iPhone ruhusa isiwe "Never".

*Dereva anasema pini inamzungusha.* Umeiweka juu ya paa, na barabara iliyo karibu na paa ni ya nyuma. Weka pini nyingine barabarani mbele ya geti, umtumie hiyo, umwambie aifute ya kwanza.